Gado wa mjomba

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Ipuli, Tabora, nikiwa na daftari la utafiti na jibu tayari kichwani. Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika historia, kuhusu katuni za magazeti ya Afrika Mashariki. Sura ya tatu inamhusu Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Gado. Wapenzi wake hawaachi kubishana kuhusu kipindi kipi kilikuwa kizuri kuliko vyote katika kazi yake, nami nilikuwa nimeshaamua: ni miaka kumi ya kwanza.

Sababu ninazo. Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Mwaka 1992 aliacha masomo ya usanifu majengo katika Chuo cha Ardhi akaenda Nairobi kuchora katika magazeti ya kampuni ya Nation. Desemba ya mwaka huo Kenya ilifanya uchaguzi wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja. Moi alikuwa madarakani tangu 1978, na kuuchora uso wa rais gazetini ilikuwa kupima kina cha maji kwa mguu. Gado aliendelea kupima hadi Moi alipoondoka mwaka 2002. Kwa mwanahistoria, hicho ni kipindi kinachojifunga chenyewe: kina mwanzo, kina mwisho, na katikati kuna rais.

Mwanafunzi mwenzangu kutoka Nairobi anakubaliana nami, ila si kwa sababu hizo. Baba yake alinunua Nation kila asubuhi, na yeye alijifunza kuangalia katuni kabla hajajua kusoma. Moyoni, hata mimi nina Gado mwingine. Ni yule wa Abunuwasi, kitabu cha katuni kwa Kiswahili kilichotolewa na Sasa Sema, Nairobi, mwaka 1996. Nilikikuta kwa shangazi, kimeng'oka jalada, na kwa muda mrefu sikujua aliyekichora ni nani. Hadithi zenyewe nilikuwa nimeshazisikia kwa bibi. Nilichokipenda ni kumwona Abunuwasi ana sura.

Nilimweleza mjomba haya yote tukiwa tumekaa chini ya mwembe. Mjomba alikuwa mhudumu wa mabehewa katika treni ya Reli ya Kati hadi alipostaafu. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati.

"Wewe unasoma Gado wa kwenye vitabu," alisema. "Njoo umwone wangu."

Ndani mlikuwa na vipande vya gazeti, vimekatwa kwa wembe na kupangwa. Vingi vilitoka The EastAfrican, gazeti la kila wiki linalochapishwa Nairobi. Abiria wa daraja la kwanza waliyaacha vitandani waliposhuka, naye akayaokota wakati wa kufagia. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, kwa hiyo makala hakuzigusa. Alichukua picha. Nilihesabu vipande 143.

Kipindi anachokipenda hakikuwa na shaka. Ni miaka ya Uhuru Kenyatta na William Ruto, walioshinda uchaguzi wa Machi 2013 huku kesi zao zikiwa bado katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, kwa tuhuma zinazohusu ghasia za 2007 na 2008 ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Gado aliwachora wote wawili na mnyororo mguuni, mwisho wa mnyororo tufe zito la chuma. Walipoingia Ikulu, aliendelea kuwachora nalo.

"Huyu bwana anajua mzigo," mjomba alisema. Kisha, kama Mnyamwezi yeyote wa umri wake, akanipeleka kwa wapagazi: babu zetu waliobeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, frasila mbili hivi kwa kila bega. "Lakini mpagazi jioni anatua. Hawa wanalala nao."

Nimesoma makala kadhaa za kitaaluma kuhusu picha hizo. Hakuna iliyoniambia hilo.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha Januari 2015. Nilimuuliza kwa nini aliacha kukusanya.

"Si alifariki?" alisema. "Magazeti yaliisha ghafla. Nikajua basi, keshakwenda."

Nilikosa pa kuanzia. Januari hiyo Serikali ya Tanzania ililipiga marufuku The EastAfrican, ikieleza kwamba lilisambazwa nchini bila usajili. Mwezi huohuo gazeti lilikuwa limechapisha katuni ya Gado ikimkejeli Rais Kikwete, na watu wengi waliunganisha mambo hayo mawili. Baadaye mwaka huo Gado alikwenda likizo ndefu, na mapema 2016 kampuni ya Nation haikuongeza mkataba wake. Akahamia The Standard.

"Kwa hiyo miaka yote hii anachora?"

"Anachora, mjomba."

Alifunga sanduku, akalifungua tena. Katuni zinazowahusu wakubwa wa Kenya anazo tele. Ile ya rais wetu sisi, iliyochorwa na kijana wa Dar es Salaam, haikufika Ipuli.

Usiku ule nilifuta aya ya kwanza ya sura yangu. Nilikuwa nimevigawa vipindi vya Gado kwa kufuata marais, kana kwamba kila mtu alipokea gazeti lilelile siku ileile. Lakini mwenzangu ana Gado wa mezani kwa baba yake, mimi nina Gado wa kitabu kisicho na jalada, na mjomba ana Gado wa abiria walioshuka. Mmoja wetu alimzika mtu aliye hai kwa sababu ya amri ambayo hakuna aliyemsomea. Sasa sura inaanza na swali la jinsi picha zilivyomfikia kila mmoja, na nani alizizuia njiani.

Kabla ya kuondoka nilimwonyesha mjomba katuni mpya kwenye simu. Akakataa kuzitazama hivyo, akataka karatasi. Nilikwenda mjini kwenye duka la steshenari nikachapisha kumi, ile ya Kikwete ikiwa juu.

Aliitazama hiyo kwa muda mrefu, akacheka kidogo, akaangalia kama lango limefungwa. Kisha akazikunja zote kumi na kuziweka chini kabisa ya sanduku.

"Hizi bado si zangu," alisema. "Ziache zikae kwanza."