Maktaba Inayodai Kijitabu Chako

Vijana wenzangu wa Shinyanga na Geita, ukitaja maktaba ya serikali wengi huwaza viti na ukimya. Mimi nawaza sheria. Ya mwaka 1963 ilianzisha huduma hizi. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu kule Dar es Salaam. Sheria ikaandikwa upya mwaka 1975, ikaipa Bodi ya Huduma za Maktaba kazi ya kuendesha maktaba hadi mikoani. Na kuna hili, tamu kwangu kuliko yote: anayechapisha kitabu nchini anatakiwa apeleke nakala kwa Bodi. Hata kijitabu chembamba, jamani!

Sasa tazama Geita. Dhahabu ilichimbwa zama za Mwingereza, mgodi ukafungwa miaka ya 1960, mkubwa zaidi ukaanza mwaka 2000, mkoa ukazaliwa 2012. Wachimbaji wadogo wa miaka hiyo yote, hadithi zao ziko wapi? Nyingi ziko vijiweni tu, na wasimuliaji wanazeeka. Maktaba haiwezi kudai kisichochapwa. Basi ukichapa, peleka. Namba ya ISBN nayo huombwa kwa Bodi hiyohiyo.