Herufi Zilizobanwa Mbavu

Katika nasaba ya herufi za chapa yuko mtoto aliyezaliwa katika jumba la mtawala, akaishia kunadi bidhaa barabarani. Huyo ni ile herufi ndefu iliyobanwa mbavu, ambayo nguzo zake ni nene na nyeusi, hali viungo vyake, pamoja na vijistari vya kichwani na miguuni, ni vyembamba kama uzi wa buibui.

Asili yake ni karne ya 18. John Baskerville wa Birmingham alipochapa mashairi ya Virgil mwaka 1757, alitumia wino mweusi sana na karatasi iliyolainishwa kwa joto. Juu ya karatasi ya namna hiyo mstari mwembamba uliweza kusimama. Ndipo Firmin Didot huko Paris, na Giambattista Bodoni, mpiga chapa wa mtawala wa Parma, wakaufikisha wembamba huo ukomoni. Kitabu kikubwa cha mifano ya herufi za Bodoni kilitolewa na mjane wake mwaka 1818, miaka mitano baada ya kufa kwake. Kurasa zake zina weupe tele. Hazikukusudiwa mtu mwenye haraka.

Haraka ililetwa na biashara. Mjini London, mwanzoni mwa karne ya 19, wasubuji wa herufi, Robert Thorne miongoni mwao, walizinenepesha nguzo hizo ili tangazo la bahati nasibu lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini herufi nene hula nafasi, na karatasi ina mwisho wake. Dawa ikawa kuzibana na kuzirefusha. Huko Marekani, Darius Wells alipopata mwaka 1827 njia ya kukata herufi za mbao kwa mashine, hata mchapaji mdogo akaweza kumiliki herufi kubwa, kwani mbao ilikuwa nyepesi na rahisi kuliko risasi.

William Morris, aliyeanzisha Kelmscott Press mwaka 1891, alizichukia herufi za ukoo wa Bodoni. Kwa upande wa vitabu naona alikuwa na haki: herufi hizi zikipunguzwa, uzi hupotea au hukatika mashinini, nguzo zikabaki zimesimama kama miti ya ua, na jicho likachoka. Morris, hata hivyo, hakuwa akiuza sabuni.

Mwaka 1937 Gerry Powell aliichorea American Type Founders herufi iitwayo Onyx, iliyobanwa hasa. Kwa herufi hiyo neno refu laenea katika safu moja bila kupunguzwa kimo. Faida ambayo msomaji wa Kiswahili, aliyezoea neno moja kubeba sentensi nzima, ataifahamu upesi. Zamani kiwanda kilisubu vimo maalumu tu, na mchapaji hakuwa na hiari. Leo Onyx imo ndani ya kompyuta, na yeyote aweza kuipunguza hadi uzi wake usionekane.