Kuripoti kesi za kortini Kenya: Kinga inaanzia wapi, inaishia wapi?

Shahidi akisimama mbele ya hakimu na kusema jamaa fulani alikula pesa za chama, gazeti linaweza kuandika maneno hayo kesho yake bila hofu ya kushtakiwa. Lakini akirudia hayo hayo nje ya lango la korti, gazeti likayachapisha, linaweza kujikuta likidaiwa fidia.

Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali yaliposemwa.

Sheria inasemaje?

Nchini Kenya jambo hili liko kwenye Sheria ya Kashfa, Sura ya 36. Kifungu cha 6 kinalipa gazeti kinga kamili likichapisha ripoti ya haki na sahihi ya kesi iliyosikilizwa mahakamani. Hata ikibainika baadaye kwamba shahidi alidanganya, gazeti halilipi.

Sababu ni moja: korti ni ya umma, na si kila mwananchi anaweza kwenda kuketi ndani. Mwandishi anakuwa macho na masikio ya wale ambao hawakufika.

'Haki na sahihi' ni nini?

Sahihi ni kuandika kilichosemwa, si kilichodhaniwa. "Ameshtakiwa kwa wizi" si sawa na "aliiba". Kabla ya hukumu, mtu ni mshtakiwa tu.

Haki ni kutopendelea upande mmoja. Ukiandika madai ya upande wa mashtaka na kuacha kwamba mshtakiwa alikana, ripoti imeegemea upande. Vivyo hivyo, kesi iliyotangazwa kwa herufi kubwa mtu akishtakiwa, kisha ikanyamaziwa alipoachiliwa huru, inamwacha na doa.

Kinga inapokatika

- Mahojiano na wakili au jamaa za mshtakiwa kwenye ngazi za korti.
- Madai yaliyo kwenye stakabadhi ambazo bado hazijafika mbele ya jaji.
- Maoni ya mwandishi yaliyochanganywa na ushahidi.
- Kichwa cha habari kinachomhukumu mtu kabla ya korti.
- Matusi ya dini, uchochezi au mambo machafu. Kifungu cha 6 chenyewe kinayatenga.

Tena kifungu hicho kinataja gazeti. Anayejiandikia kwenye Facebook au kundi la WhatsApp asidhani anafunikwa na mwavuli huo huo.

Na kuna kesi ambazo waandishi hawaruhusiwi kuingia kabisa. Ibara ya 50 ya Katiba inairuhusu korti kuwafungia mlango ili kulinda mashahidi, watu walio hatarini, maadili au usalama wa nchi. Kesi za watoto na za dhuluma za kingono huwa na masharti makali kuhusu kutaja majina.

Ukikosea, bei ni gani?

Si ndogo. Kifungu cha 16A kinaweka kiwango cha chini cha fidia. Aliyechafuliwa jina kwa kuhusishwa na kosa ambalo adhabu yake ni kifo, kama mauaji, hawezi kupewa chini ya Sh1 milioni. Kama ni kosa la kifungo cha miaka 3 au zaidi, fidia haishuki chini ya Sh400,000.

Jela je? Mnamo Februari 6, 2017, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Kubwa lililobaki ni kesi ya madai, na hapo mfuko ndio huumia.

Aliyechafuliwa afanye nini?

Asikawie. Sheria inampa miezi 12 tu kufungua kesi ya kashfa, na muda ukipita mlango umefungwa. Jambo la kwanza ni kuhifadhi gazeti lenyewe au picha ya ukurasa wa simu ikionyesha tarehe. Kisha wakili ailinganishe habari hiyo na rekodi ya korti. Zikilingana, hana kesi. Zikitofautiana, hapo ndipo pa kuanzia.