Akiba ya Nguvu: Funzo la Kasese kwa Walinzi wa Mpaka

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Hata hivyo, historia ya Kasese inafundisha kwamba akiba isiyotunzwa huweza kugeuka sumu.

Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na mgodi wa Kilembe ukaanza kutoa shaba. Ili mgodi upate umeme, kampuni ilijenga mtambo wake yenyewe katika mto Mubuku, wenye nguvu ya megawati 5. Shaba ilipelekwa Jinja ikayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Mabaki yenye madini ya kobalti yalirundikwa Kasese kwa matumaini ya siku za mbele, yakafikia kadiri ya tani milioni moja. Uchimbaji wa shaba ulipokoma mwaka 1982, rundo lilibaki likinyeshewa mvua, na maji yenye asidi yakaunguza mimea ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Ni mwaka 1999 tu ndipo kiwanda kilipoanza kutoa kobalti humo kwa msaada wa bakteria, nacho pia kikiendeshwa kwa umeme wa Mubuku. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka kumi.

Kobalti ni moja ya madini yatumikayo katika betri nyingi za siku hizi. Lakini betri peke yake haitoshi. Katika mitambo kadhaa, betri huunganishwa na seli ya haidrojeni, chombo kinachochanganya haidrojeni na oksijeni kikatoa umeme na maji. Msingi wake ulionyeshwa na William Grove wa Uingereza mwaka 1839. Seli hiyo hutoa umeme kwa utulivu, muda wote inapopewa haidrojeni na oksijeni, lakini haipendi kushtuliwa kwa mahitaji ya ghafla. Betri ndiyo hupokea mshtuko huo, kisha hujazwa tena mahitaji yanapopungua. Ni sawa na jeshi lenye kikosi cha zamu na kikosi cha akiba: asiyejua lini akitumie kikosi cha akiba hushindwa hata akiwa na askari wengi.

Ushahidi mkubwa ulipatikana Aprili 1970. Chombo cha Marekani, Apollo 13, kilikuwa kiasi cha kilomita 320,000 kutoka duniani pale tangi la oksijeni lilipolipuka. Seli tatu zilizokuwa zikitoa umeme zikafa. Lovell, Swigert na Haise walihamia katika chombo cha kutulia mwezini, kilichotegemea betri tu. Walizima karibu kila kitu, wakavumilia baridi kali, na sehemu ya umeme wa betri hizo ikatumiwa kujaza betri ya kurejea duniani. Tarehe 17 Aprili walitua baharini wakiwa hai. Wasingeokoka kama wasingepima matumizi yao kwa nidhamu.

Funzo hilo linawahusu walinzi wa Bwera. Mnamo Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na Juni 2023 watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shambulio la shule huko Mpondwe-Lhubiriha. Mahali kama hapo, redio ni silaha. Redio inaposikiliza hutumia umeme kidogo. Inaporusha sauti hutumia mwingi. Betri ya asidi na risasi inayomalizwa kabisa kila mara hufa mapema. Kwa hiyo taarifa iwe fupi, taa zisizohitajiwa zizimwe, betri ichajiwe kabla haijakauka, na ya akiba ipimwe kila zamu.

Kasese ilikuwa na utajiri uliolala miaka mingi bila mlinzi, nao ukaunguza ardhi. Betri iliyosahauliwa pembeni mwa kituo haiunguzi majani. Lakini usiku wa hatari huweza kugharimu maisha ya wananchi. Askari mwema huhesabu umeme wake kama anavyohesabu risasi zake.