Gia Tano za Kurudi Nyuma

Kwa miaka mingi nilidhani kuwa gari la vita husifiwa kwa unene wa chuma chake na ukubwa wa mzinga wake. Ferret ndiyo iliyonitoa katika dhana hiyo. Ni gari dogo la deraya la Waingereza, lenye magurudumu manne, lililopewa jina la mnyama wa jamii ya kicheche. Gia zake ni tano za kwenda mbele na tano za kurudi nyuma. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Jeshi gani hili linalojiandaa kukimbia?

Jibu nililipata kwa babu yake, Dingo. Mwaka 1938 Uingereza ilitafuta gari la upelelezi. Alvis walileta gari waliloliita Dingo, BSA wakaleta lao. La BSA likashinda, na jina nalo likalichukua. Lilitengenezwa na Daimler. Sasa, mpelelezi hatumwi kupigana; hutumwa kuona, kisha arudi na habari. Akimkuta adui kwenye kona ya njia nyembamba, hana nafasi ya kugeuza gari. Hurudi kinyumenyume upesi, huku chuma kinene cha mbele, milimita 30, kikibaki kumkabili adui. Dingo za mwanzo ziligeuza magurudumu yote manne kwa usukani mmoja, madereva wasiozoea wakashindwa kuzimudu, yakaachwa ya mbele tu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni paa. Lilikuwapo, ila askari walipenda kuliacha wazi, kwani ndani ya sanduku la chuma lililofungwa mtu haoni wala hasikii vizuri. Toleo la tatu likatoka bila paa kabisa. Hapo ndipo ninapopata taabu: aliyekingwa barabara hawezi kazi aliyotumwa, na anayeiweza, kichwa chake ki wazi kwa risasi.

Ferret zaidi ya 4,400 zilitengenezwa kati ya 1952 na 1971, nyingi zikiwa na rashasha juu. Zilipelekwa Malaya, Saiprasi na Aden, kusindikiza misafara na kuzunguka mitaani. Gari lililobuniwa lione bila kuonekana likawa la kuonyeshwa watu ili waogope. Dereva alikuwa bado na gia zake tano za nyuma. Ila huko Aden adui hakuvaa sare, na nyuma pia palikuwa na watu.