Kabla hujaagiza prosesa Kariakoo ukiwa Tabora, piga hesabu hizi

• Hakikisha kwanza kinachochelewesha kompyuta ni prosesa, siyo diski au RAM.
• Soketi kufanana hakutoshi, mazabodi nayo lazima iikubali prosesa.
• Linganisha bei ya mzigo ukishafika mkononi, siyo bei ya dukani.

Tabora. Kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imetumika ndiyo inayobeba kazi za steshenari nyingi mtaani: kuchapa barua, kuskani vyeti, kujaza maombi ya mikopo ya wanafunzi na ya ajira. Siku ya mwisho ya maombi ikifika na mashine inakwama, mteja anahamia duka la jirani. Hapo ndipo mwenye duka anaposhauriwa abadilishe prosesa.

Ushauri huo unaweza kuwa sahihi. Lakini kwa aliye Tabora, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, kununua kitu kisichofaa kunauma zaidi. Aliye Ilala anapanda daladala na kukirudisha dukani. Wa Tabora anakirudisha kwa basi, analipia usafiri mara ya pili na anakaa siku kadhaa bila kazi.

Je, ni prosesa kweli?

Fungua kazi zako za kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Programu ya Task Manager itafunguka na kuonyesha nani kazidiwa.

CPU ikikaa karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu, prosesa ndiyo imechoka. Ikiwa CPU iko asilimia 30 huku diski ikigonga 100, prosesa mpya haitasaidia kitu. Hapo toa diski ya zamani, weka SSD. RAM ikiwa imejaa, ongeza RAM. Kwa kazi za kuchapa na intaneti, mabadiliko haya mawili mara nyingi huonekana haraka kuliko prosesa mpya.

Mashine yako inapokea prosesa gani?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Utaona jina la prosesa na modeli ya kompyuta. Viandike vyote viwili.

Kwa Intel Core, namba baada ya kistari inataja kizazi: i5-3470 ni kizazi cha tatu, i3-12100 ni cha 12. Kizazi cha pili na cha tatu hutumia soketi ya LGA1155, cha nne LGA1150, cha sita hadi cha tisa LGA1151, na cha 12 hadi cha 14 LGA1700.

Mtego upo hapa. Dell OptiPlex 790 na OptiPlex 7010 zote zina soketi ya LGA1155, lakini 790 ilitengenezwa kwa ajili ya kizazi cha pili tu. Ukiiwekea i5-3470 itaingia vizuri, ila mashine haitaikubali. Kwa 790 tafuta i5-2400 au nyingine ya kizazi chake. 7010 inapokea vizazi vyote viwili. Vivyo hivyo, prosesa ya kizazi cha nane haitakiwi kwenye mazabodi ya kizazi cha sita au cha saba, ingawa soketi ina jina lilelile.

Angalia pia herufi ya mwisho. i5-3470 ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. i5-3470T ina viini viwili tu. Herufi F, kama kwenye i3-12100F, inamaanisha prosesa haina sehemu ya kutoa picha. Kama huna kadi ya picha, kioo kitabaki cheusi.

Bei ipi ilinganishwe?

Chukulia OptiPlex 7010 yenye i3-2120. Kwenye kipimo cha PassMark, prosesa hiyo hupata takriban alama 2,000, i5-3470 takriban 4,600 na i7-3770 takriban 6,400. Ukiweka i5 unaongeza alama 2,600, ukiweka i7 unaongeza 4,400.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, Kariakoo i5 inauzwa Sh60,000 na i7 Sh120,000. Ukigawanya, kila alama 1,000 unazoongeza zinakugharimu takriban Sh23,000 kwa i5 na Sh27,000 kwa i7. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, i5 ndiyo nafuu.

Kwa Tabora ongeza nauli ya mzigo, pesti ya kupoozea joto na hela ya fundi. Tuseme vyote ni Sh25,000. i5 inakuwa Sh85,000 na i7 Sh145,000. Gawanya tena: zote mbili zinaangukia karibu Sh33,000 kwa kila alama 1,000. Unafuu wa i5 umeishia njiani, kwa sababu gharama ya usafiri na ufundi ni ileile kwa kitu cha bei ndogo na cha bei kubwa.

Wafanyabiashara wa njia ya misafara waliijua hesabu hii. Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, ilikuwa kituo kikubwa kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Burton na Speke waliikuta hivyo mwaka 1857. Mpagazi alibeba takriban kilo 30, kwa hiyo mzigo uliopendelewa ulikuwa wenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, kama pembe za ndovu, vitambaa na shanga.

Hiyo haina maana kila mtu akimbilie i7. Alama hizo hujumlisha nguvu za viini vyote. Kwa kuchapa na kujaza fomu, i5 na i7 hizo hazitofautiani sana. i7 inalipa kwa anayehariri video au kufungua kazi nzito nyingi kwa pamoja. Kama huifanyi kazi hiyo, Sh60,000 inayobaki ielekeze kwenye SSD au RAM.

Kuhusu LUKU, usihofu sana. Intel inaitaja i3-2120 kwa wati 65, i5-3470 na i7-3770 kwa wati 77. Tofauti hiyo ya wati 12, hata kwa saa 10 kila siku kwa siku 26, haifiki uniti nne.

Lini usinunue kabisa?

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 inahitaji Intel Core ya kizazi cha nane au zaidi, ama AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Hakuna prosesa ya LGA1155 au LGA1150 inayofikia kigezo hicho.

Mashine ya zamani itaendelea kuwaka, lakini steshenari hushika vyeti na namba za vitambulisho vya watu, hivyo masasisho ya usalama siyo anasa. Kama gharama ya prosesa, SSD na RAM inakaribia bei ya kompyuta iliyotumika ya kizazi cha nane, tunza hela hiyo ununue mashine nyingine.

Kabla ya kutuma pesa

Mtumie muuzaji modeli ya kompyuta yako, siyo jina la prosesa peke yake. Omba picha ya maandishi yaliyo juu ya prosesa na uyasome hadi herufi ya mwisho. Kubalianeni kwa ujumbe wa maandishi nani atalipa usafiri ikigoma kuwaka, na siku ngapi za kuijaribu.

Kama ni AMD ya soketi ya AM4, sisitiza ifungwe kwenye kasha gumu. Pini zake ziko kwenye prosesa yenyewe na hupinda kirahisi. Kwa Intel zilizotajwa hapa pini ziko kwenye mazabodi, hivyo mwambie fundi awe makini anapofungua soketi.