Povu la zimamoto: nani hulipwa, nani hungoja?

Kwenye midahalo ya siasa hapa Kenya kuna jibu ambalo halikosi: "Kampuni ikikuumiza, nenda kortini." Wacha tuangalie Marekani, ndio tuone jibu hilo linafika wapi.

1. Miaka ya 1960, jeshi la majini la Marekani na kampuni ya 3M walitengeneza povu la kuzima moto wa mafuta. Mwaka 1967 meli ya kivita Forrestal iliungua, watu 134 wakafa. Baadaye povu likaenea kambini na kwenye viwanja vya ndege. Lilizima moto vizuri, hilo hakuna anayebisha.

2. Shida ni kemikali zake, PFAS. Haziozi, na huingia kwenye maji na damu. Mwaka 2023, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mojawapo, PFOA, kati ya visababishi vya saratani.

3. Desemba 2018 kesi zilianza kukusanywa katika korti moja ya Charleston, South Carolina. Mwaka 2023, 3M ilikubali kulipa angalau dola bilioni 10.3, lakini kwa mifumo ya maji ya umma. Mzimamoto mwenye saratani ya figo hakuwa kwenye hesabu hiyo.

4. Mbona hivyo? Maji unayapima tu maabarani. Mgonjwa lazima aonyeshe saratani yake ilitokana na povu, si sigara wala kurithi. Na rekodi anazo mwajiri.

5. Kwa hivyo mwanasiasa akiniambia korti inatosha, namuuliza: ni sheria gani inamlazimu mwajiri kuandika leo nani anashika kemikali gani? Korti huja mtu akishaugua. Rekodi lazima itangulie.